Betri Tumboni mwa Redio

Tangazo la redio ndogo ya ridhaa siku hizi halikosi mstari unaotaja betri ya ndani. Miliampea-saa 1900, 2600, 3000, 3800: namba hutangulizwa kwa herufi nene, na mnunuzi huipambanisha na ya redio nyingine kisha akafungua pochi. Namba hiyo si ya uongo. Tatizo ni kwamba haijibu swali ambalo mwendeshaji atajiuliza akiwa juu ya kilima saa kumi jioni, wakati stesheni za mbali ndiyo kwanza zinaanza kusikika: je, itanifikisha? Jibu liko katika namba nyingine, ambayo aghalabu imetupwa ukurasa wa mwisho wa kitabu cha maelekezo, nayo ni kiasi cha mkondo ambao redio inakula ikiwa inasikiliza tu.

Hoja yangu ni hiyo. Betri ya ndani ina maana pale ambapo redio yenyewe ilibuniwa isiwe mlafi, na pale ambapo mwenye redio anaweza kuitoa betri kwa mkono wake na kuweka nyingine. Likikosekana moja kati ya hayo, afadhali betri ikae nje.

Kwa asiyeufahamu uwanja huu: redio ya ridhaa ni ile inayorushwa na mtu mwenye leseni kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana, bila biashara. Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano, na kila nchi ina herufi zake za utambulisho: 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 9X kwa Rwanda, 9U kwa Burundi, 9Q kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sizungumzii hapa simu za upepo za walinzi wa mageti, ambazo betri yake hubanwa mgongoni na kubadilishwa kwa sekunde mbili. Nazungumzia redio za masafa mafupi, zenye ukubwa wa kitabu kinene, ambazo kwa wati 5 na waya uliotundikwa mtini zinaweza kumfikisha mtu bara jingine.

Redio za kubeba zilikuwapo zamani. Yaesu FT-290R ya mwaka 1981 ilibeba seli nane za saizi C, zile nene kuliko za rimoti, na ilirusha wati 2.5 kwenye mawimbi ya mita 2 pekee. Mwenye fedha aliweka nikeli-kadimiamu za kuchaji, asiye nazo akaweka mawe ya kawaida ya dukani, na redio haikujali. Mapinduzi yalikuja mwanzoni mwa karne hii na FT-817 ya kampuni hiyohiyo: kasha moja linaloshika kuanzia mita 160 hadi sentimita 70, sauti na msimbo wa Morse, na mlango mdogo chini wa kuwekea betri. Kilichofuata tunakijua. Elecraft ya Marekani ikatoa KX3, kisha KX2 mwaka 2016. Xiegu ya China ikaja na X5105 na X6100. Icom ikaleta IC-705 mwaka 2020. FT-817 yenyewe ikarithiwa na FT-818 mwaka 2018. Katika miaka hiyo yote, mchezo wa kupanda vilima na redio ukawa umeshika kasi. Mpango wa Summits on the Air ulianzia Uingereza mwaka 2002, na kanuni zake zinakataa jenereta za mafuta pamoja na umeme uliofungwa mahali. Betri ikawa ndiyo mchezo wenyewe.

Sasa tuchukue kalamu. Kitabu cha FT-817 kinasema redio hiyo inapopokea inakula takriban miliampea 450, na inaporusha inakula ampea 2. Betri yake ya NiMH, yaani nikeli-metali haidraidi, ina volti 9.6 na miliampea-saa 1400. Gawanya: saa tatu za kusikiliza, bila kubonyeza maiki hata mara moja. KX2 inapopokea inakula takriban miliampea 135, na betri yake ya lithiamu ina miliampea-saa 2600. Gawanya tena: saa kumi na tisa. Betri ya pili haifikii mara mbili ya ya kwanza kwa namba iliyoandikwa juu yake, lakini usikivu wake unadumu zaidi ya mara sita. Tofauti hiyo haikutengenezwa na kiwanda cha betri. Ilitengenezwa mezani kwa mhandisi aliyehesabu kila saketi: taa ya skrini, kikuza sauti cha spika, rilei zinazobaki zimevutwa muda wote redio inapowaka.

Watu hupinga kwa kusema kwamba kurusha ndiko kunakomaliza betri. Ni kweli kwa mizani ya ampea, si kwa mizani ya saa. Tukadirie saa moja ya kilimani kwa SSB, namna ya kurusha sauti kwenye masafa mafupi: dakika 50 za kusikiliza, dakika 10 za kuzungumza. Kwa kuwa sauti ya binadamu ina mapengo, wastani wa mkondo wakati wa kuzungumza tuuweke ampea 1.2. Kwa FT-817 kusikiliza kunachukua miliampea-saa 375, kuzungumza 200. Karibu theluthi mbili za umeme uliotumika zimekwenda kwenye ukimya. Hesabu hugeuka kwa anayetumia FT8, mfumo wa kidijitali uliobuniwa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, ambao katika kila kipindi cha sekunde 15 hurusha sekunde 12.64 kwa nguvu kamili bila kupumzika. Mtu wa FT8 anayeita mfululizo, kipindi kimoja anarusha na kinachofuata anasikiliza, atamaliza betri ya FT-817 ndani ya saa moja na robo au pungufu, na kikuza nguvu kitakuwa kimepata joto la kutosha kumfanya aondoe mkono. Mtu wa Morse yuko katikati, kwa sababu kati ya nukta na mistari kuna nafasi.

Kuna jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa aibu, nami naona halistahili aibu yoyote. Redio nyingi hizi hupunguza nguvu zikiwa kwenye betri ya ndani. FT-817 hujishusha hadi wati 2.5 isipokuwa uilazimishe. IC-705 hutoa wati 5 kwa betri yake na 10 ikipewa volti 13.8 kutoka nje, X6100 vilevile. Mnunuzi husikia nusu akadhani ameibiwa. Kupunguza nguvu kwa nusu ni desibeli 3, na alama moja ya S kwenye mita ya redio huhesabiwa desibeli 6. Kwa hiyo mtu aliye, tuseme, Oman anayekusikiliza ataona sindano imeshuka nusu alama, wakati kufifia kwa kawaida kwa mawimbi huipandisha na kuishusha sindano hiyo alama tatu nne ndani ya dakika moja. Waya ulioinuliwa mita mbili zaidi mtini unaweza kurudisha kilichopotea, na zaidi. Nusu ya nguvu ni bei ndogo mno, na mara nyingi mimi ningeichagua hata pale ambapo redio hainilazimishi.

Kemia ndiyo sehemu yenye porojo nyingi. Nikeli-kadimiamu, ambayo Ulaya iliifungia milango kwa vifaa vingi vya kubeba kwa agizo la mwaka 2006, tuiache ilale. NiMH ina volti 1.2 kwa seli, na nane zikiungwa mfululizo ndiyo zile volti 9.6. Seli ikishuka hadi volti 1.0 huhesabiwa kuwa imekwisha, maana yake nane ni volti 8.0, na volti 8 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho FT-817 inakubali kufanya kazi. Ulinganifu huo unapendeza kwenye karatasi. Uwanjani una mtego: seli nane hazizeeki kwa mwendo mmoja. Moja dhaifu hufika sifuri wakati saba zingali hai, nazo huisukumia mkondo kinyume mpaka iharibike kabisa. Mwenye redio huona betri nzima imekufa, huitupa, kumbe saba zilikuwa na miaka mbele yake.

Ila ya NiMH ya zamani ni kujimwaga. Iliyojazwa mwezi uliopita na kuwekwa kabatini huenda imepoteza robo ya chaji yake, na joto la pwani huongeza kasi. Sanyo ilibadilisha hali hiyo mwaka 2005 ilipotoa Eneloop, seli ambazo iliahidi zingebaki na asilimia 85 baada ya mwaka mzima rafuni. Watengenezaji wengine wakafuata, na leo seli za namna hiyo za saizi AA ndizo ninazoziona kuwa na akili zaidi kwa redio yenye kikapu cha seli nane, kama KX3. Zikiisha kijijini, kuna duka lenye AA za kawaida. Hazitadumu: seli ya alikali inayodaiwa ampea moja au mbili hutoa sehemu ndogo tu ya kile ilichoandikiwa. Lakini zitakuwezesha kumaliza mazungumzo. Usizisahau humo ndani, kwa kuwa maji yake yakivuja hula shaba ya saketi. Na usiwashe chaja ya ndani zikiwamo. Elecraft wenyewe wanaonya kwamba chaja ya KX3 ni ya NiMH peke yake.

Lithiamu-ioni, iliyoingia sokoni na Sony mwaka 1991 na kuwapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019, hubeba umeme mwingi kwa uzito mdogo. Seli tatu mfululizo hujaa kwa volti 12.6 na kuisha karibu na 9. Kwa redio iliyozoea volti 13.8 za gari, hapo panafaa. Faida yake ambayo haitajwi ni kwamba volti yake hushuka polepole kadiri chaji inavyokwisha, kwa hiyo mita ya volti kwenye skrini inasema kweli: 11.1, uko katikati. 10, funga mizigo. Binamu yake LiFePO4, lithiamu yenye chuma na fosfeti, haina adabu hiyo. Seli nne mfululizo hukaa karibu na volti 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari kisha huporomoka ghafla, na anayeitegemea mita ya volti hukatwa katikati ya sentensi. Kwa upande mwingine LiFePO4 huvumilia mizunguko mingi zaidi ya kuchaji, si nyepesi kushika moto, na volti yake ndiyo hasa inayotakiwa na redio. Ni nzito na nene zaidi kwa umeme uleule, ndiyo maana ni nadra kuikuta ndani ya kasha. Hii ni betri ya nje, na nitairudia.

Kuhusu joto lazima nikae kidogo, maana vitabu vya maelekezo huandikwa na watu wa nchi za baridi na hulitaja kwa mstari mmoja. Nyumba nyingi za kwetu zimewahi kuanika mawe ya redio juani yalipochoka, na kweli redio ilizungumza tena: joto huharakisha kemia ya seli iliyolegea ikatoa kilichobaki. Desturi hiyo ikihamia kwenye lithiamu ni hatari tupu. Wataalamu wa betri wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, kuzeeka kwa seli ya lithiamu kunakaribia kuwa maradufu. Seli nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Gari lililofungwa vioo Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari hupita hapo kabla ya saa sita, na redio iliyoachwa kwenye kiti cha mbele inapikwa. Sasa ongeza kwamba betri ya ndani inaishi chumba kimoja na kikuza nguvu. FT-817 ikila ampea 2 za volti 13.8 ili irushe wati 5, zaidi ya wati 20 zimebaki ndani ya kasha kama joto. Betri iliyo nje, kivulini, kwenye mfuko wa begi, haiyajui hayo.

Lithiamu iliyochoka kwa joto huvimba. Kwenye simu ya mkononi uvimbe hufungua kioo na mwenye simu akashtuka mapema. Kwenye redio yenye kasha la chuma hakuna wa kushtuka. Kinachosukumwa ni bodi ya saketi.

Baridi nayo ina yake, ingawa ni ya wachache. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, alfajiri huwa chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa hadi zaidi ya kumi. Lithiamu iliyoganda hutoa umeme kidogo, kisha ikipata joto hurejea. Isichajiwe chini ya sifuri hata kidogo, kwa sababu metali ya lithiamu hujipaka ndani ya seli na kuiharibu moja kwa moja. Betri inayotoka inaweza kulala kifuani ndani ya koti. Iliyofungwa kwa skrubu ndani ya redio italala na redio.

Nani anachaji, na kwa ujanja gani? Hapa ndipo redio hizi zinapotofautiana kuliko watu wanavyodhani. FT-817 ina chaja ya saa: unachagua kwenye menyu saa 6, 8 au 10, inachaji, muda ukifika inakata. Haijui kama betri imejaa, inajua muda tu. Ukiweka betri iliyobakiza nusu na kuchagua saa 10, saa kadhaa za mwisho zitakuwa za kuipasha moto. Chaja nzuri ya NiMH husubiri volti ishuke kidogo kileleni, au joto lipande, ndipo ikate. Chaja ya saa haisubiri kitu. Ndiyo sababu betri nyingi za FT-817 hufa mapema na lawama kubebeshwa kiwanda cha seli. KX2 ilipotoka mwaka 2016 ilikwenda upande wa pili: haikuwa na chaja ndani hata kidogo, betri ilichajiwa kwa chaja yake ya nje. Wanunuzi walinung'unika. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa kiungwana, kwa sababu lithiamu inapochajiwa ndiyo saa yake ya hatari kubwa, na ni vyema mwenye nayo awe anaiona. Baadaye kampuni ilitoa chaja ya ndani kama nyongeza ya hiari. IC-705 ilichukua njia ya kati ambayo kwangu ndiyo ya busara zaidi: betri yake, BP-272, hubanwa mgongoni mwa redio, hutumiwa pia na redio za mkononi za Icom kama ID-51, na huchajiwa ama kwa chaja ya mezani, ama ikiwa kwenye redio, hata kwa waya wa yuesibii. Anayeishiwa hubadilisha, haombi bisibisi. Linganisha na X5105, ambayo miliampea-saa zake 3800 zimo ndani ya kasha na hazitoki mpaka ulifungue.

Kuna sababu nyingine ya kutopenda chaja ya ndani, nayo ni kelele. Raha kubwa ya kurusha kwa betri, kubwa kuliko hata uhuru wa kupanda kilima, ni ukimya. Ukitoka kwenye mtaa wenye taa za LED za bei poa, chaja za simu na inveta za sola, ukawasha redio shambani, stesheni ambazo mjini zilizama kwenye mvumo hujitokeza moja moja. Saketi zinazobadilisha volti kwa kukata mkondo maelfu ya mara kwa sekunde ndizo mama wa mvumo huo. Chaja ya ndani mara nyingi ni saketi ya namna hiyohiyo, sentimita chache kutoka kwenye kipokezi, na mbunifu asiye makini huileta kelele ya mjini mpaka kileleni. Kabla ya kununua redio ya mtumba, jaribu hivi: chomoa antena, sikiliza ikiwa inajiendesha kwa betri, kisha chomeka chaja usikilize tofauti.

Nije kwenye ubadilishaji, ambao ndiyo hatima ya kila betri. Pakiti ya FT-817 ni seli nane za saizi AA zilizofungwa kwa nailoni na kupewa plagi ndogo. Fundi yeyote wa Luthuli Avenue au Kariakoo mwenye mashine ya kuchomelea vibati anaitengeneza upya kwa muda wa kunywa chai, mradi asizilehemu seli zenyewe kwa pasi ya moto, kwani joto hilo huharibu mihuri yake. Pakiti za lithiamu ni ngumu kidogo, kwa kuwa kuna bodi ya ulinzi inayosimamia kila seli, na kwa kuwa soko limejaa seli za uongo. Seli ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ikiwa ya kiwanda kinachojiheshimu hubeba miliampea-saa kati ya 2500 na 3600. Ukiona imeandikwa 9900, hiyo namba ni ya mchapishaji wa karatasi. Mara nyingi iliyomo ni seli iliyochakaa kutoka kompyuta mpakato, na wakati mwingine ganda lina seli ndogo ndani na unga wa kujazia uzito. Mizani ya dukani husaidia: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, ikipungua sana iache.

Betri yenye umbo la kampuni moja ina kifo cha pili, kile cha kutotengenezwa tena. FT-818 ilitangazwa kufika mwisho wa uzalishaji mwishoni mwa 2022, lakini kwa kuwa tumbo lake linapokea seli za AA, wenye nazo hawakutikisika. Redio ambayo betri yake ni kipande cha plastiki chenye umbo lisilo na ndugu itageuka mzigo mara tu kampuni ikichoka. Umoja wa Ulaya umelitazama hilo kwa vifaa vyote: kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka kuanzia 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa pale kanuni ilipotaja. Kwa kuwa kampuni hazipendi kutengeneza makasha mawili ya redio moja, kuna matumaini kwamba faida itafika hadi kwa mnunuzi wa Arusha au Bujumbura.

Usafiri wa ndege hauna utata mkubwa. Betri za lithiamu zisizozidi wati-saa 100 zinaruhusiwa, na za akiba lazima ziingie nawe kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Betri zote za ndani nilizotaja ziko mbali na kikomo: ya KX2 ni kama wati-saa 28, ya IC-705 kama 14. Betri ya nje ya LiFePO4 ya ampea-saa 6 ni wati-saa 77, bado unapita. Ya ampea-saa 12 inazidi 100 na utahitaji idhini ya shirika. Funika ncha zake kwa utepe.

Limebaki swali la dharura, ambalo huletwa kila mara kuhalalisha redio hizi. Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani saa nyingi baada ya gridi kuanguka; Machi 2019 kimbunga Idai kiliiacha Beira bila mawasiliano kwa siku. Kwa tukio la saa chache betri ya ndani inatosha na inasifika, kwa sababu iko tayari na haitafutwi. Kwa tukio la siku, hakuna betri ya ndani hata moja inayotosha. Stesheni inayosikiliza mchana na usiku kwa miliampea 135 inahitaji ampea-saa 3.2 kwa siku, zaidi ya betri yake yenyewe. Kwa miliampea 450 inahitaji 10.8. Paneli ya sola ya wati 20, kwa jua letu la saa tano zenye nguvu na upotevu wa kawaida, huleta wati-saa 70 hivi kwa siku. Redio ya kwanza hutumia kama 42 kwa kusikiliza, hivyo inabaki na akiba ya kurusha na inaweza kukaa hewani wiki nzima. Ya pili hutumia 140 na inazama siku ya kwanza. Paneli ni ileile, jua ni lilelile.

Kwa sababu hiyo, kikundi kinachopanga vifaa vya maafa kisianze na swali la betri ipi. Kianze na redio isiyo mlafi, kiongeze LiFePO4 ya nje na paneli, na kijaribu kidhibiti cha sola kwa sikio kabla ya kukilipia, maana vingi vya bei rahisi huvuma kwenye masafa mafupi kama chaja mbovu. Betri ya ndani hapo inabaki na kazi moja ya maana: kuishikilia redio isizimike wakati mtu anabadilisha ile ya nje.

Na aliye na FT-817 yenye betri iliyokufa, na wa namna hiyo ni wengi, ana njia tatu. Anaweza kumpelekea fundi seli nane za NiMH zisizojimwaga, kisha awe mkali na ile menyu ya saa. Anaweza kununua pakiti ya lithiamu inayotengenezwa na kampuni nyingine pamoja na mlango wake wenye tundu la kuchajia, mradi asiruhusu kamwe chaja ya redio iguse lithiamu. Au aache tumbo wazi, apunguze karibu gramu 200, na atumie LiFePO4 ndogo ya nje kwa waya mfupi wenye fyuzi ya ampea 4 karibu na betri. Mimi ningechukua ya tatu, na kikapu cha AA ningekiweka begini kikiwa tupu, pamoja na pakiti mbili za seli ambazo hazijafunguliwa.